Leuven, Kwenye Taya za Mashine

Safari yangu ya kwanza Ulaya ilikuwa na shabaha moja: kuona kwa macho namna kipande cha epoksi yenye nyuzi za kaboni kinavyoshikwa kinapovutwa. Dar es Salaam nilikuwa nikikivuta kwenye kompyuta tu. Nikapitia Addis Ababa, nikashuka Brussels alfajiri, na treni ikanifikisha Leuven kwa muda wa robo saa hivi. Mji ulipata chuo kikuu mwaka 1425, na una maktaba iliyochomwa na majeshi ya Ujerumani mwaka 1914 kisha ikajengwa upya. Niliitazama kwa haraka, maana moyo ulikuwa Heverlee, upande wa ngome ya Arenberg, ziliko maabara za wahandisi.

Anayetumia kompyuta kupima uimara wa kitu hukigawa katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu, halafu huieleza programu kitu hicho kimeshikwa wapi na kinasukumwa au kuvutwa wapi. Maelezo hayo ndiyo masharti ya mipaka. Chuma huvumilia masharti ya kukadiria, kwa kuwa athari ya mahali kiliposhikwa hufifia upesi. Katika epoksi yenye nyuzi za kaboni, yaani kompoziti, athari hiyo husafiri mbali mara kadhaa zaidi, kwa sababu nyuzi ni kakamavu sana kwa urefu wake ilhali epoksi inayoziunganisha hukubali kuteleza ubavu.

Maabarani, fundi wa mashine ya kuvuta sampuli alikuwa mzaliwa wa Bukavu. Aliposikia natoka Tanzania alibadili lugha papo hapo. Sampuli ya siku hiyo nyuzi zake zilikuwa zimelala mshazari, hazikufuata mstari wa mvuto. Alikaza taya, akawasha, akaninong'oneza: “Mudogo wangu, usiangalie namba. Angalia ile kipande, iko najipinda.”

Kweli ilikuwa ikijipinda, taratibu, kama herufi S iliyonyooshwa. Nyuzi za mshazari zikivutwa hutaka kwenda upande, lakini taya haziruhusu, kwa hiyo nguvu iliyokusudiwa kuwa ya mvuto mtupu huzaa mkunjo na mkato wa ndani karibu na ncha. Pagano na Halpin walilieleza jambo hili mwaka 1968, na mwaka 1993 Sun na Chung wakapendekeza vibandiko vya ncha vikatwe kwa mshazari ili sampuli ipate nafasi ya kujinyoosha kwa tabia yake. Nilikuwa nimezisoma hoja hizo. Kuziona zikitokea mbele yangu kulinipa furaha ambayo kurasa hazikuwahi kunipa. Hapo ndipo ilipodhihirika pia kwa nini hila ya kuchora robo tu ya sampuli na kuitangaza sehemu nyingine kuwa kivuli chake, iliyo halali kwa bamba la chuma lenye tundu katikati, haifai hapa. Safu ya nyuzi za mshazari haina nusu mbili zinazotazamana kama uso na kioo.

Siku zilizofuata tulishuka hadi ukubwa usioonekana kwa macho, kwenye kijisanduku cha kompyuta chenye unyuzi wa upana wa mikromita 7 na epoksi kuuzunguka, kinachohesabiwa kujirudia kompoziti nzima. Ukizilazimisha nyuso zote zisogee bapa, kijisanduku huonekana kikakamavu kupita ukweli. Ukizipa mkazo sawa kila mahali, huonekana laini mno. Njia ya kati ni kuzifunga nyuso zinazoelekeana jozi kwa jozi, nukta kwa nukta, ili uso wa kulia ukibonyea, wa kushoto ubonyee vilevile, na tofauti ya msogeo wao ibaki ile tu iliyoamriwa. Majaribio sita ya namna hiyo, mivuto mitatu na mikato mitatu, hutoa ukakamavu wote wa kompoziti.

Nikauliza kuhusu kutumia katani ya Tanga badala ya kaboni. Unyuzi wake si duara, ndani una vijishimo, na hakuna nyuzi mbili zinazofanana, basi kijisanduku kinachojirudia kitapatikanaje? Jibu lilikuwa kazi: kata, ng'arisha, piga picha kwa hadubini, jenga vijisanduku vikubwa zaidi na zaidi hadi ukakamavu uache kubadilika. Nilirudi na daftari la michoro ya taya na orodha ya vifaa vya kung'arishia. Sampuli za kwanza za katani sasa zimekwisha kukatwa.