Kuacha kazi si kuoshwa

Wasee, tuongee ukweli. Mwalimu anachunguzwa kwa dhuluma ya kingono dhidi ya mwanafunzi. Kabla kesi isikizwe, anaandika barua ya kuacha kazi. Shule inapumua, wazazi wanaambiwa amehama. Muhula ujao yuko shule ya kibinafsi kaunti nyingine, chaki mkononi.

Mimi pia niliacha chuo, na hakuna aliyenifuata. Lakini mimi sikuacha mtoto na kidonda nyuma yangu.

Kitu wengi hatuambiwi ni hiki: kazi na usajili ni vitu viwili. Katiba ya 2010, kifungu cha 237, inaipa TSC jukumu la kusajili walimu na la kuwaadhibu. Kisheria, hata shule ya kibinafsi inatakiwa kuajiri mwalimu aliyesajiliwa. Kwa hivyo ile barua inamaliza mshahara tu. Jina bado liko kwa rejista, na hapo ndipo linafaa kufutwa akipatikana na hatia.

Msimamo wangu: kesi iendelee hata kama ameshatoka. Na wewe mkuu wa shule, kabla umpe darasa, angalia orodha ya waliofutwa. TSC huitoa hadharani. Haki ya yule msichana isiishe kwa sababu mtu ameandika barua.