Ile Video Yangu ya Mwarobaini

Wasee, leo hakuna vichekesho. Leo nina kitu cha kukiri.

Mwaka jana niliposti video fupi hapa Wenje. Nyanya yangu anachuma majani ya mwarobaini, anachemsha, mimi naonja, nakunja uso, halafu natoa bomba: "Malaria kwisha! Hospitali ya nini?" Nilikuwa natania nusu, naamini nusu. Ile video ilitembea kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Komenti zikajaa: "Ilinisaidia." "Hata babu yangu alipona hivyo hivyo." Nikajiona daktari, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili.

Asubuhi moja mama jirani akabisha hodi, mtoto mgongoni, mwili moto kama jiko. "Mwanangu, ile dawa yako nimempa siku ya tatu leo. Mbona homa haishuki?"

Ile dawa yako. Sikuwa na jibu. Tukaita boda, mtoto akapelekwa dispensari, akadungwa kidole, kipimo kikatoa mistari miwili. Malaria. Alipona, Mungu ni mwema. Lakini zile siku tatu za kungoja zilitoka kwangu.

Video nilifuta siku hiyo hiyo. Kilichonisumbua ni kujua kwa nini niliamini. Nyanya amekunywa mwarobaini tangu utotoni na yuko ngangari, hilo kweli. Lakini kila alipougua hakupimwa. Homa si lazima iwe malaria, na homa nyingi hushuka zenyewe baada ya siku chache. Ukinywa chochote siku ya tatu, siku ya nne ukaamka poa, utakishukuru ulichokunywa. Hata ingekuwa chai ya rangi.

Nikamuuliza: "Nyanya, na wale waliokunywa wasipone?"

Akanyamaza kidogo. "Mjukuu wangu, hao tuliwazika."

Yaani hapo ndipo niliposhtuka. Aliyepona anaandika komenti. Aliyezikwa haandiki.

Hii si ya Wenje pekee. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, tuliyemjua kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti kijijini Samunge, kaskazini mwa Tanzania. Bei shilingi 500 za Tanzania, na watu waliamini kinatibu ukimwi, kisukari, kansa. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na Wakenya kibao walivuka mpaka. Kuna waliotolewa vitanda vya hospitali wapelekwe huko wakafia njiani, na kuna walioacha ARV wakidhani wamepona. Walioshuhudia uponyaji tuliwasikia redioni. Waliorudi nyumbani wakazidiwa, nani aliwafuata na maikrofoni?

Sasa usije ukasema naponda dawa za wazee. Tafuta jina hili: Tu Youyou, mwanasayansi wa China. Miaka ya 1970 mwanzoni alisoma kitabu cha kale cha tiba cha nchi yao, akakuta mmea jamii ya pakanga uliotumiwa kutibu homa. Hakukimbilia kutangaza. Alijaribu kuutoa utomvu wake, matokeo yakawa hayaeleweki. Akabadilisha njia, akautoa bila kuuchemsha sana. Wakajaribu kwa panya, kwa nyani, yeye mwenyewe akainywa, kisha wagonjwa wakapimwa kabla na baada. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Vidonge vya AL alivyopewa yule mtoto wa jirani vina dawa iliyotokana na mmea huo.

Kwa hiyo majani si adui. Shida yangu ilikuwa kutangaza kitu ambacho sijakipima. Jina mwarobaini lenyewe limebeba ahadi ya kutibu magonjwa arobaini, na mimi bado sijakutana na mtu aliyeyahesabu.

Siku hizi mtu akinitumia "dawa asili inayotibu kila kitu" nauliza maswali manne tu. Alipimwa kabla, tukajua anaumwa nini? Alipimwa baada? Waliotumia ni wangapi, na wasiopona wako wapi? Na huyu anayeniambia, anauza chupa?

Akijibu "mimi ilinisaidia," namwambia nimefurahi umepona. Kweli nimefurahi. Lakini huo ni mwanzo wa kuchunguza, si ruhusa ya kumwambia mama mwenye mtoto mgonjwa angoje.

Nyanya bado anachemsha mwarobaini wake, na mimi sijamkataza. Ila tulikubaliana jambo moja: mtoto akichemka homa, kidole kwanza, sufuria baadaye. Nawe kabla hujashea ile uliyotumiwa leo, muulize aliyekutumia hayo maswali manne.