Sita, Saba, Tisa

Mama aliniuliza swali moja tu nilipomwambia naenda Ujerumani mwaka mzima kusaidia watoto wa shule: "Watakulipa?" Hela ya kujikimu, nikamjibu, na chumba, na bima ya afya. Akanyamaza kidogo. "Kwani hapa Mbagala watoto wameisha?"

Alikuwa na hoja. Sisi tumezoea anayejitolea ni mzungu mwenye begi kubwa mgongoni, anakuja, anapiga picha na watoto, anaondoka. Mpango wa Wajerumani unaoitwa weltwärts ulianza 2008, na mwanzoni ulikuwa wa kuwatuma vijana wao huku kwetu tu. Ilipofika 2013 ndipo mlango wa upande wa pili nao ukafunguliwa. Mimi nikaangukia Leipzig, shule ya msingi, darasa la kwanza hadi la nne.

Kazi yenyewe, msomaji, haina makubwa. Unafunga kamba za viatu, unachonga penseli, unaamua ugomvi, unakaa na mtoto anayesoma kwa kidole neno moja moja. Mchana mnabaki nao mpaka wazazi watoke kazini. Na watoto wa kule hawana huruma na lugha yako. Kila nikikosea der, die au das, mkono juu, nasahihishwa. Jamani, ngeli tatu tu! Njooni kwetu muone.

Darasa la kwanza kulikuwa na mvulana kutoka Syria. Tangu shule ifunguliwe Agosti hadi Novemba hakuwa ametoa neno. Hakulia, hakugombana, alikaa tu. Watu wazima wakaanza kusema apimwe, pengine kichwa ni kizito. Shule ya mahitaji maalumu ikatajwa wakati wa chai, kwa sauti ya upole kabisa, na ule upole ndio ulionitia hofu. Huwa uamuzi umekaribia.

Siku moja nilikuwa napanga vikombe vya chakula cha mchana karibu yake huku nahesabu. Hesabu nafanya kwa Kiswahili popote nilipo. Tano, sita, saba... Akageuka. "Sitta," akasema. "Sab'a." Nane ikampita. Tisa akaidaka.

Nikaacha vikombe. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini: zote anazo. Kitabu, anacho. Kalamu, daftari, samaki. Alipokea kila neno kama mtu anayerudishiwa vitu vyake vilivyoibiwa. Shuleni tulibishana mpaka povu likatoka kama Kiswahili ni Kibantu au ni Kiarabu (ni Kibantu, tusirudi huko), lakini sikuwahi kufikiri kwamba haya maneno ya kukopa siku moja yangenisaidia kumfikia mtu.

Kuna jambo jingine. Mjerumani hasemi arobaini na tano, anasema tano na arobaini. Wenzake darasani walikuwa wakisikia hivyo wanaandika 54, mwalimu anahangaika nao wiki nzima. Yule mvulana hakukosea hata mara moja, kwa sababu Kiarabu nacho kinaanza na tano. Nikamwita mwalimu aje aone. Alichutama pale mezani, akamwandikia hesabu za kujumlisha, kisha ngumu zaidi, kisha akakaa kimya akiangalia majibu. Habari za shule ile nyingine sikuzisikia tena.

Majira ya baridi yote tukawa na kamchezo ketu. Natoa neno, naye anatoa lake, tunaona kama yanafanana. Kijerumani kikamjia polepole, halafu ghafla, kama bomba lililokuwa limeziba. Ilipofika Pasaka alikuwa na marafiki wawili na kelele kuliko wote.

Wiki chache baadaye, kwenye kona ya kusomea, nikamuuliza: "Kitabu?" Akawatazama marafiki zake kwanza. Kisha akaniambia kwa Kijerumani, taratibu, asije akaniaibisha: hapa tunaongea Kijerumani.

Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. Nimewaona wangapi Dar wanaoacha Kimakonde au Kimatumbi getini kwa shule, tukawasifu kwamba wamechangamka? Sikumbishia. Nikachukua kitabu rafuni nikampa, nikakitaja kwa Kijerumani nilichonacho, der Buch.

"Das," akasema, na akafungua ukurasa wa kwanza.