Mpe mtoto waya na makopo, risasi ya nyavu mnyime

Kirando hakuna reli. Mji huu mdogo wa wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, uko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na anayetaka kuiona treni kwa karibu hana budi kusafiri hadi Mpanda, mkoa jirani wa Katavi. Hata hivyo watoto wa hapa wanaijua. Wameiona kwenye simu za wazazi wao, hasa tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha ikafika Dodoma mwezi uliofuata.

Mvulana mmoja wa miaka 11, mtoto wa fundi wa boti za mbao, alikuwa akitengeneza magari ya waya kama wenzake. Alipoiona treni hiyo, akayaweka magari pembeni. Alikata boksi, akalipaka rangi, akachora madirisha na kulibandikia magurudumu. Lilipendeza kutazama, lakini kila lilipowekwa juu ya reli za mabanzi lilianguka.

Baba yake alilitazama akacheka. “Mwanangu, boti huanza na mkuku, haianzi na rangi,” alimwambia. Kwa treni, mkuku ni chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba magurudumu na uzito wote.

Wakaanza upya. Walichukua vipande viwili vya mbao vilivyobaki kwenye boti, wakaviweka sambamba na kuviunga kwa vipande vitatu vya kukingama. Ekseli zikawa spoku za baiskeli zilizopitishwa ndani ya mirija ya kalamu zilizokwisha wino. Kila gurudumu lilikuwa vifuniko viwili vya plastiki: kimoja kidogo kinachotembea juu ya reli, na kingine kipana zaidi, upande wa ndani, kinachozuia gurudumu lisitoke.

Hapo mtoto akagundua tofauti ambayo watu wazima wengi hawajawahi kuifikiria. Magurudumu ya gari lake la waya yalizunguka kila moja kivyake. Ya treni hukazwa kwenye ekseli, yakazunguka pamoja. Ekseli zikienda mshazari, treni huvuta upande mmoja hadi ianguke. Baba akamfundisha kupima kona kwa kona: kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha upande wa pili. Vipimo vikilingana, fremu imekaa mraba.

Reli nazo zilikuwa juu ya udongo usio sawa, hivyo gurudumu moja lilibaki likining'inia. Dawa yake ilikuwa rahisi. Ekseli moja ilikazwa, ya pili ikaachwa icheze juu ya msumari mmoja wa katikati. Ni kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakiyumbi hata kwenye sakafu mbovu.

Hesabu ziliingia bila mtu kumwambia afungue daftari. Aliamua kila sentimita 1 ya treni yake iwakilishe sentimita 20 za treni halisi. Reli ya SGR ina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo yake ikawa karibu milimita 72. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa mita 1, na ingekuwa milimita 50. Baba akamkumbusha meli ya Liemba, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikisimama Kirando. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma, ikaungwa tena na kushushwa majini 1915. Vipande vikipimwa vizuri, hukubaliana hata baada ya safari ndefu.

Kisha ikaja mota, iliyotolewa kwenye redio mbovu na kuunganishwa na ekseli kwa ukanda wa mpira. Mota ilizunguka, magurudumu yakazunguka, treni ikabaki palepale. Ilikuwa nyepesi mno. Hata treni halisi hutegemea uzito wa kichwa chake, kwa sababu chuma juu ya chuma huteleza. Mtoto alihitaji kitu kidogo lakini kizito, na katika nyumba inayoishi kwa uvuvi kitu hicho hakitafutwi mbali: ni risasi, ile madini laini inayofungwa kwenye nyavu ili zizame.

Mama yake alimkuta anaiyeyusha kwenye kopo, juu ya jiko la mkaa ambalo jioni lingepikiwa ugali. Mdogo wake, ambaye bado anatambaa, alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mama akazima moto na kulitupa kopo nje. Baba hakuona sababu ya ugomvi. Yeye mwenyewe alijifunza kuyeyusha risasi kwa marehemu baba yake, uani hapohapo, na hakuna aliyeugua.

Hawakuelewana siku hiyo. Mama alisubiri siku ya kliniki ya mtoto mdogo, akamuuliza muuguzi. Majibu yalimrudisha nyumbani akiwa na neno la kumwambia mumewe.

Risasi huingia mwilini kwa moshi, kwa vumbi na kwa mikono inayofika mdomoni bila kunawa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Linaeleza pia kwamba watoto wadogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile walichomeza. Huharibu ubongo unaokua, na kwa mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote mwanzoni. Baadaye anaonekana mzito wa kujifunza au asiyetulia darasani, na watu humwita mvivu. Kwa hiyo “hakuna aliyeugua” si ushahidi. Kwa macho haijulikani.

Lililokuwa gumu kwa baba halikuwa kumkataza mwanawe. Ugumu ulikuwa kwamba hawezi kumkataza kitu anachokifanya yeye uani. Ilimchukua siku kadhaa. Mwishowe aliitoa risasi yote nyumbani, akaifungia kwenye kibanda cha kazi mbali na makazi, na akaacha kuyeyusha pale watoto wanapocheza. Sasa akitoka kuishika hunawa kwa sabuni na kubadili shati kabla ya kumpakata mdogo.

Treni ilipata uzito wake kwa njia nyingine: nati na bolti kuukuu zilizooshwa, zikafungwa juu ya ekseli inayoendeshwa. Inavuta makopo matatu.

Mzazi, mtoto anayetengeneza kitu kwa mikono yake anajifunza kupima, kusubiri na kurudia. Usimnyang'anye waya. Kaa naye, na uangalie mambo machache.

Ukingo wa kopo ukunjwe kwa koleo au usuguliwe kwa tupa. Akijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi hadi damu ikate, lioshe kwa maji safi na sabuni, na usipake majivu wala dawa ya meno. Jeraha lenye kina au lililoingia udongo lifike kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na samadi. Chanjo za utotoni za wiki ya 6, 10 na 14 husaidia, lakini kinga yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda.

Betri za tochi zisipasuliwe wala kuchomwa. Zile ndogo za duara, za saa na rimoti, zikae mbali kabisa na watoto. Ikimezwa na kukwama kooni, huweza kuunguza ndani ya saa 2. Usimtapishe, mkimbize hospitali.

Na kila mtoto anapokuja na chombo chake kipya, kabla ya kumsifu, kipime mkononi. Kikiwa kizito kuliko ulivyotarajia, muulize kwa upole uzito huo ameutoa wapi.