Kamera ya Kwendea Kizimkazi

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja, kwa nje waonekana jengo la kawaida. Lakini ukutani mwa kibla mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia. Na hata leo watu husali humo. Kijana atakaye kuuzuru na kupiga picha achukue kamera gani?

Kwanza, iwe nyepesi, kwani iliyo nzito huishia kabatini. Pili, lenzi yake ipokee mwanga mwingi: yenye alama f/2 huingiza mwanga mara nne ya ile ya f/4 kwa muda ule ule, basi hapana haja ya kuwamulika wenye kusali kwa taa. Tatu, bei yake isipunguze chakula cha watoto. Iliyokwisha kutumika, ikiwa nzima, yatosha. Israfu imekatazwa katika dini yetu.

Ama adabu, hiyo haiuzwi dukani. Omba ruhusa kwa wenyeji, ngoja sala imalizike, wala usimpige picha mtu pasina idhini yake. Na ukijaaliwa kurejea, wapelekee nakala.