Vigawo vya Mteremko wa Salgaa

Watu wengi huiona aljebra kuwa ni mchezo wa herufi usio na undugu na mambo ya dunia. Mimi huwajibu kwa mteremko mmoja. Malori yatokayo Mau Summit huteremka kupitia Sachangwan hata Salgaa, mahali ambapo madereva wengi hulala safarini kati ya Nakuru na Eldoret. Nimesimama kando ya barabara hiyo mara nyingi, nikanusa breki zilizoungua kabla sijaliona lori lenyewe. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori yaligongana Migaa, karibu na hapo, na watu 36 wakafa.

Uzito wa lori tuuite u, na kasi yake k. Nishati ya mwendo wake ni nusu ya uk². Ukiulizwa daraja la fungu hili, usiharakishe kujibu 2 kwa kuwa umekiona kipeo hicho. Herufi u nayo ina kipeo chake, yaani 1, ijapokuwa hakiandikwi. Vipeo hujumlishwa, na daraja ni 3. Kwa k peke yake daraja ni 2, na hiyo ndiyo inayoua: shehena ikifanya uzito wote kuwa maradufu, nishati huwa maradufu, kasi ikiwa maradufu, nishati huwa mara nne.

Sasa dereva na apunguze kasi kutoka k hata j. Breki hazina budi kumeza nusu ya uk² − uj². Likiachwa hivyo, fungu hili ni bubu. Toa nje u, kigawo kilichomo pande zote mbili, kisha ipasue tofauti ya miraba:

u(k − j)(k + j)

Hapo siri hufunuka. Kushuka kutoka kilomita 40 kwa saa hata 20 ni 20 × 60, yaani 1,200. Kutoka 80 hata 60 ni 20 × 140, yaani 2,800. Kigawo cha kwanza ni kile kile, 20. Cha pili ndicho kilichokua, na joto la breki limepita maradufu. Nayo u, tani kwa tani, imesimama nje ya mabano ikizidisha yote.

Dereva atoaye gia mteremkoni ili aokoe mafuta huziachia breki peke yake hesabu hiyo nzima, na mlima haujaacha kuiongeza k.