Kumzoeza Sungura Mkanda na Kamba

Mbuzi kufungwa kamba si jambo la kutazamwa na mtu yeyote huko Biharwe, ule mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Mbarara kuelekea Masaka na Kampala. Wala ng'ombe wa Ankole, pamoja na pembe zake ndefu, hamshangazi mtu akifuata mluzi wa mchungaji wake bila ya kamba yoyote. Lakini sungura aliyevikwa mkanda kifuani, akitangulia mbele huku mtoto akimfuata nyuma na ncha ya kamba mkononi, huwafanya wapita njia washuke kwenye baiskeli zao wapate kucheka vizuri. Kicheko hicho hakina ubaya. Hata hivyo, nyuma ya kamba ile mna mambo mawili yasiyochekesha: uti wa mgongo wa mnyama, na amani baina ya majirani.

Katika nyumba ya koplo mmoja wa polisi, sungura jike mweupe alikuwa ametoka bandani mara mbili katika juma moja, na mara zote mbili alikwenda moja kwa moja kwenye maharage ya jirani. Jirani huyo ni mama wa makamo aliyekaa miaka mingi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kabla ya kuhamia Biharwe kufanya biashara ya dagaa. Alikuja mlangoni na mche ulioguguniwa mkononi.

“Afande,” alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuhesabu hasara yake, “nimepanda maharage wajukuu wangu wale, si sungura wako anenepe.”

“Ni kweli, Mama. Utanisamehe. Jioni hii jambo hili litakwisha.”

Binti wa koplo, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia, na neno lile “litakwisha” alilielewa kwa maana ya sufuria. Kilio chake kilisikika nyumba ya tatu. Baba, ambaye hakika hakuwa amekusudia sufuria (au pengine alikusudia, nani ajuaye moyo wa mtu?), alichukua uzi wa nailoni, akafanya kitanzi, akainama kumtia sungura shingoni kama afungwavyo mwana-mbuzi. Hapo yule mama mwenye hasara ndiye aliyemzuia.

“Usimfunge shingoni, Afande. Utamzika kabla ya magharibi.”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nakivale, iliyoko wilaya ya Isingiro kusini ya Mbarara, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani sana barani Afrika. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na baadaye ikawapokea Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Kila nyumba hupewa kipande chake cha ardhi, na vipande hivyo hupakana. Mahali kama hapo mnyama mdogo anayekula majani hufaa sana, lakini mnyama huyo huyo akivuka mpaka usiku mmoja huweza kuharibu ujirani wa miaka. Mama huyo alikuwa amefuga sungura huko, na alikuwa amekwisha kumwona mmoja akifa katika kitanzi.

Yafaa kueleza sababu. Miguu ya nyuma ya sungura ina nguvu kubwa mno kuliko mifupa yake. Mifupa yote ya sungura ni kiasi cha asilimia 8 tu ya uzito wake, ilhali ya paka hufikia asilimia 12 au 13. Anaposhtuka hukurupuka kwa nguvu zake zote bila ya kupima. Ikiwa shingo imeshikwa, hujinyonga. Na ikiwa mwili umezuiwa ghafula huku miguu ikipiga teke, uti wa mgongo huweza kuvunjika karibu na kiuno. Sungura aliyevunjika hapo hapati tena kuitumia miguu yake ya nyuma, na mara nyingi hakuna la kufanya ila kumwondolea mateso.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni mkanda wa kiwiliwili. Fundi cherehani yeyote aweza kuushona kwa kitambaa kigumu cha pamba: utepe mmoja upite chini ya shingo kwa ulegevu, wa pili uzunguke kifua nyuma ya miguu ya mbele, na vipande viwili viunganishe tepe hizo, kimoja mgongoni na kimoja tumboni. Afadhali zaidi ni kuushona kama kizibao kidogo, kwa kuwa kizibao hugawanya uzito. Kamba hufungwa mgongoni, katikati ya mabega, na kamwe si shingoni. Kipimo chake ni kidole: kidole kimoja kipite baina ya mkanda na manyoya. Visipopita hata viwili, vema. Vikipita vitatu, sungura atajivua kwa hatua moja ya kurudi nyuma, naye ni hodari wa kurudi nyuma.

Mkanda ukiwa tayari, kazi bado haijaanza. Askari yeyote akumbuke siku yake ya kwanza ya ukuruta, alipovishwa buti ngumu na kuambiwa kimbia. Yeye walau alijua ni buti. Sungura hajui. Yeye ameumbwa kuwa windo, na kitu kimbanacho ubavuni kwake kina maana moja tu. Wala asichekwe kwa hofu yake. Hapo hapo Biharwe pana mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520. Masimulizi ya jadi yanasema kwamba jeshi la Bunyoro, likirejea na ng'ombe wa mateka, liliona mchana umegeuka usiku, likawaacha ng'ombe wote na kukimbia. Ikiwa wanaume wenye mikuki walitupa mali yao kwa hofu ya kisichoeleweka, sungura asamehewe utepe.

Binti wa koplo alifundishwa na jirani kuanza na kukaa chini tu. Siku za kwanza mkanda uliwekwa sakafuni kando ya majani ya viazi vitamu, sungura akala na kuunusa apendavyo. Kisha uliwekwa mgongoni mwake bila ya kufungwa, kwa muda wa kula kipande kimoja cha bogoya mbivu, ukaondolewa. Mkono wa mtoto ulikuja kutoka ubavuni kila mara, kwa kuwa sungura haoni vizuri kilicho mbele kabisa ya pua yake, na kishukacho kutoka juu hukidhania mwewe. Mkanda ulipofungwa kwa mara ya kwanza, ulikaa dakika mbili tu. Sungura alijilaza chini akakataa kusogea. Baba alitaka aachwe hivyo azoee. Jirani akasema avuliwe, apewe ndizi, na kesho waanze tena nyuma kidogo. Yeye ndiye aliyefuatwa, na siku ya nne sungura alisimama.

Wako wanaomlaza sungura chali ili wamvishe kwa urahisi, wakidai kwamba hutulia na kusinzia. Huko si kusinzia. Ni kujifanya mfu, ile hila ya mwisho ya windo lililokwisha kukamatwa, na moyo wake wakati huo umejaa hofu. Heri kumvisha akiwa amesimama kwa miguu yake minne, hata kama itachukua majuma matatu.

Mwenye kudhani kwamba huu ni mchezo wa watoto, na autazame mji wa Morogoro nchini Tanzania. Huko, pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya huyo huzoeshwa watu tangu udogo, hufundishwa kwamba mlio mfupi wa kidude mkononi mwa mwalimu maana yake ni chakula, kisha huzoeshwa mkanda wa kiwiliwili ambao kwao hufungwa kwenye kamba anapopekua ardhi. Kwa kuwa ni mwepesi, bomu halilipuki anapolikanyaga. Mmoja wao aitwaye Magawa, mzaliwa wa Tanzania, aligundua huko Kambodia zaidi ya mabomu na vilipukaji 100, akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020; alikufa Januari 2022. Panya wa Morogoro hapigwi wala haburutwi. Ndizi na njugu ndizo zimfundishazo, na kama kamba ingekuwa adui yake asingeweza kunusa chochote.

Tofauti iliyopo ni kwamba sungura hana kazi ya kufanya, na hapa ndipo wengi hukosea wakitaka awe mbwa. Sungura hafuati mtu. Yeye ndiye aongozaye, na mwenye kamba humfuata, kamba ikiwa imelegea daima. Akikaribia maharage, mtu hupita mbele yake na kumziba njia kwa mwili, au humwinua kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba matako. Kumvuta hakufai hata kidogo. Akikurupuka, mwenye kamba akimbie naye hatua mbili tatu, ili kamba isikaze ghafula.

Matembezi yafanywe asubuhi au jioni. Ingawa nyanda za Mbarara zina hewa ya wastani, jua la mchana humdhuru sungura upesi, kwani hatoi jasho kama mtu na hutegemea masikio yake kupoza mwili. Asifungwe mtini akaachwa peke yake hata kwa dakika ya kwenda kuchota maji: mbwa, mwewe na siafu hawangoji. Akipiga mguu chini kwa kishindo, au akitoa macho na kuhema upesi, arudishwe nyumbani bila ya mjadala.

Arudipo, mkanda uvuliwe kabla hajaingia bandani, kwa sababu sungura huguguna kila kilicho karibu na huweza kunasa mguu katika utepe. Manyoya yapapaswe chini ya makwapa kutazama kama ngozi imechubuka. Mkanda ufuliwe kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato, usuuzwe mara mbili, uanikwe kivulini, na mtoto aupime tena kwa kidole kila Jumamosi, kwani sungura wa miezi mitano huongezeka mwili kuliko utepe.